Saa ya kupiga mbizi kwa bei nafuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mwanza na visiwani

Maswali haya ni ya wavuvi, waendesha boti, waogeleaji na wapenzi wa saa wa Mwanza, Ukerewe, Sengerema na mialo ya jirani. Majibu nimeyapima kwa maji yetu, jua letu na mafundi wetu, kwa sababu ushauri mwingi wa saa humlenga mtu anayeishi jirani na karakana yenye kila kifaa. Sisi wengi fundi wetu ana meza, bisibisi na lenzi ya jicho, na hilo linabadilisha kabisa saa ipi inakufaa.

Saa ya kupiga mbizi inatofautianaje na saa nyingine "isiyoingia maji"?

Kuna kiwango cha kimataifa kinachoitwa ISO 6425. Saa inayokidhi kiwango hicho lazima ihimili angalau mita 100, iwe na namna ya kupimia muda uliokaa majini (kwa kawaida ringi ya juu inayozunguka), isomeke gizani kwa umbali wa sentimeta 25, na gizani humo humo uweze kuona kwamba inatembea. Ndiyo maana mshale wa sekunde huwekwa nukta inayowaka. Lazima pia istahimili mtikisiko, sumaku na maji ya chumvi. Kubwa kuliko yote, kila saa moja moja hupimwa presha kiwandani, tena kwa asilimia 25 zaidi ya kina kilichoandikwa. Haichukuliwi moja kuwakilisha mia.

Saa ya namna hiyo huandikwa "Diver's 200m". Ikiandikwa "Water Resistant 200m" au "20BAR" (presha ile ile ya mita 200) peke yake, imepimwa kwa utaratibu mwepesi zaidi. Si kwamba ni mbovu. Zipo saa nzuri sana za kundi hilo, na mbili kati yake nitazitaja hapa chini. Ila ujue unanunua nini.

Ziwa Victoria lenyewe halizidi sana mita 80. Mita 200 za nini?

Namba ile haisemi utashuka hadi wapi. Ni presha ambayo saa mpya, yenye mipira mipya ya kuzuia maji, ilistahimili ikiwa imetulia ndani ya mtambo. Mpira ukizeeka, akiba ile hupungua, na mita 200 za leo zinaweza kuwa 50 baada ya miaka kadhaa ya jua na jasho. Chukulia hivi: 30m ni ya kunawa mikono na mvua, 50m ni ya kuogelea kidogo kwa uangalifu, 100m ni ya kuogelea bila wasiwasi, na 200m yenye kitufe cha kukaza ndiyo ya mtu ambaye maji ni kazi yake.

Kitufe cha kukaza ni kile cha pembeni cha kutegea saa ambacho hukivuti tu: unakifungua kwa kukizungusha, unatega, unakisukuma ndani na kukikaza tena. Mimi ningechukua saa ya mita 100 yenye kitufe cha kukaza kuliko ya mita 200 ambayo kitufe chake kinatoka kwa kunaswa na uzi wa wavu.

Ni kweli ukipiga mkono kwa nguvu majini presha inapanda mara kadhaa na maji yanaingia?

Watu wengi husema hivyo, na wengine ni wauzaji. Hesabu haikubali. Mkono unaokwenda mita 5 kwa sekunde, ambayo ni kasi kubwa kwa mwogeleaji, unaongeza presha sawa na kushuka mita moja na robo hivi. Saa ya mita 50 haiwezi kufa kwa hilo.

Zinakufa kwa mambo mengine: kitufe kilichosahaulika wazi, kitufe kilichogongwa kwenye ukingo wa mtumbwi kikapinda, mpira uliokauka, au saa iliyoanikwa juu ya jiwe la moto halafu ikatumbukizwa ziwani ghafla. Na sababu ninayoiogopa kuliko zote ni mfuniko wa nyuma uliofunguliwa na kurudishwa vibaya. Nitaifafanua kwenye swali la betri.

Mashine ipi ni nzuri: ya betri, ya sola au ya otomatiki?

Hapa ndipo pesa yako inapokwenda, kwa hiyo tukae kidogo.

Saa ya betri hutumia kipande cha kwatsi, aina ya jiwe angavu, kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Kwa usahihi haina mpinzani katika bei za chini: ya kawaida hupotea kama sekunde 15 hadi 20 kwa mwezi mzima. Kasoro yake ni moja, betri huisha baada ya miaka miwili au mitatu, na kila ikiisha saa hufunguliwa.

Saa ya sola ni hiyo hiyo ya kwatsi, ila ina kidude cha kunasa mwanga chini ya uso wake na betri inayochajiwa. Kampuni ya Citizen wanaiita Eco-Drive. Mashine yao ya E168 ikishiba mwanga huweza kutembea karibu miezi sita gizani. Betri yenyewe hukaa miaka mingi bila kuguswa. Kwa mtu wa Mwanza, digrii mbili na nusu tu kusini ya ikweta, mwanga si tatizo. Na kwa kuwa haifunguliwi, mipira iliyofungwa kiwandani hubaki ilivyofungwa. Nikiulizwa mashine ipi inafaa kwa kazi ya majini huku kwetu, hili ndilo jibu langu la kwanza.

Otomatiki haina betri. Ndani yake kuna bamba zito linalozunguka kila unaposogeza mkono, nalo hukaza springi. Utaiona ya Seiko NH35 katika saa za kampuni nyingi sana: vito 24, hupiga mara 21,600 kwa saa moja, hushika nguvu kama saa 41 ukiivua, unaweza kuijaza kwa kuzungusha kitufe, na ukikivuta mshale wa sekunde husimama ili utege sawasawa. Ndugu yake 4R36 huonyesha na siku ya wiki. Mashine ya zamani ya 7S26 haijazwi kwa kitufe wala sekunde haisimami, lakini ni ngumu kama jembe. Mashine ya Miyota 8215 iko daraja moja na hizo. Miyota 9015 ni ya juu zaidi, hupiga mara 28,800.

Usikubali kuambiwa otomatiki ni sahihi zaidi kwa kuwa ni ghali. Seiko wenyewe wanaruhusu NH35 ichelewe sekunde 20 au itangulie sekunde 40 kwa siku. Nyingi hufanya vizuri kuliko hapo, lakini haitaifikia saa ya betri ya bei ya chini. Watu huipenda kwa sababu ni mashine hai, na kwa sababu ya pili ambayo ni ya maana sana: NH35 ikiharibika kabisa, fundi anaitoa nzima na kuweka mpya, nayo si ghali. Saa yenye mashine ya ajabu isiyojulikana ikifa, imekufa.

Kuhusu vito: ni rubi za kutengenezwa zinazopunguza msuguano kwenye egemeo za magurudumu. Vito 24 vinatosha. Muuzaji akikutajia idadi kubwa kana kwamba ni dhahabu, mwache amalize.

Nina laki mbili hivi. Ninunue ipi?

Casio MDV-106 au MDV-107, maarufu kwa jina la Duro. Mita 200, kitufe cha kukaza, ringi ya kuzunguka upande mmoja, mashine ya betri. Nje ya nchi huuzwa kati ya dola 50 na 80, hapa ongeza usafiri na faida ya muuzaji. Bill Gates ameonekana akiivaa. Haijaandikwa "Diver's", alama zake huwaka kwa wastani tu, na bodi yake ni pana, milimita 44, kwa hiyo mwenye mkono mwembamba aijaribu kwanza. Kwa bei hiyo sijui saa mpya inayoishinda.

Nikiongeza hadi laki tano, sita?

Zipo njia tatu. Citizen Promaster BN0150 ni ya sola, mita 200, imeandikwa "Diver's", na alama zake huwaka vizuri. Kwa mvuvi, mwendesha boti au mzamiaji, hiyo.

Orient Kamasu ni otomatiki, mita 200, kioo cha safaya (kigumu kuchubuka), mashine ya F6922 inayojazwa kwa kitufe. Orient ni kampuni ya Kijapani iliyo chini ya Seiko Epson, na mashine inatengeneza yenyewe. Haina maandishi ya "Diver's", lakini kwa kuogelea na kuvaa kila siku, ofisini hadi ufukweni, ni saa ya kuheshimika.

Invicta 8926OB inatumia NH35 na huwa rahisi kuliko hizo mbili. Mashine nzuri, lakini alama zake huzimika mapema. Mtu wa usiku aiache.

Kuna moja ya kuangalia kwa makini. Seiko 5 Sports za sasa zinafanana sana kwa sura na SKX007 ya zamani, ile ya mzamiaji iliyotoka 1996 na kusitishwa 2019. Sura ni ile, mashine ya 4R36 ni bora kuliko 7S26, ila ni za mita 100 na kitufe chake hakikazwi. Ni saa nzuri ya mjini. Ukitaka Seiko ya mbizi kweli, tafuta Prospex kama ile inayoitwa Turtle, na ujiandae kulipa zaidi.

Alama za gizani hufanyaje kazi, na nitajuaje nzuri?

Rangi ya kisasa ni strontiamu aluminati. Hunywa mwanga na kuutoa polepole gizani. Kampuni ya Nemoto ya Japani ndiyo iliyoleta LumiNova mwaka 1993, na Seiko wana ya kwao, LumiBrite. Haina mionzi, haina madhara mkononi. Rangi ya kizamani ya zinki salfaidi, ambayo bado imo kwenye saa nyingi za bei ya chini kabisa, huwaka kwa fahari dakika chache kisha inapotea.

Seiko wanasema LumiBrite ikipata mwanga wa kutosha kwa dakika 10 huwaka saa 3 hadi 5. Baada ya hapo haizimi ghafla. Inafifia, lakini jicho lililozoea giza bado linaisoma. Jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza barabara, kwa hiyo mtu aliyetoka kwenye mwanga sasa hivi atailaumu saa bure.

Dukani fanya hivi. Washa tochi ya simu, mulika uso wa saa kwa nusu dakika, kisha ingia nayo nyuma ya pazia au ifunike kwa viganja na uchungulie. Usiangalie sekunde ya kwanza, maana hata rangi mbovu hung'aa sekunde ya kwanza. Hesabu polepole mpaka mia mbili, angalia tena. Mishale yote miwili isomeke kwa kutofautiana, alama ya namba 12 ya uso (pale juu kabisa) iwe na umbo lake tofauti, na nukta ya ringi iwake. Kama mshale wa dakika umebaki peke yake na alama zimetoweka, irudishe kwa upole. Rangi ya kijani huonekana kali zaidi kwa jicho kuliko ya bluu, hasa mwanzoni. Ukubwa wa alama ni muhimu kuliko vyote: rangi nyingi, mwanga mwingi.

Na usidhani ni jambo la usiku tu. Maji ya Ghuba ya Mwanza ni ya kijani kwa mwani, na mita chache tu chini mchana huwa kama jioni ya kuingia giza.

Ukipata saa kuukuu ya mtumba ambayo rangi yake imekuwa kahawia na haiwaki hata ukiimulika, hasa za kabla ya miaka ya 1960, usiifungue wala kuikwangua. Inaweza kuwa radiamu. Mng'ao umekufa, mionzi haijafa.

Mimi ni mvuvi wa dagaa. Naona alama za saa yangu haziwaki nikiwa kazini. Imeharibika?

Hapana. Unafanya kazi karibu na taa, na macho yako yamezoea taa. Alama za saa yoyote, hata ya milioni, zitaonekana hafifu hapo. Dawa ni rahisi: unapokaribia kuondoka kwenye taa, elekeza uso wa saa kwenye taa kwa dakika moja au mbili, karibu kabisa. Wakati wa kuvuta na kurudi gizani itasomeka vizuri. Taa nyeupe za sola za siku hizi zinachaji rangi hii vizuri kuliko mwanga wa njano wa karabai.

Pia usiivae chini ya mkono wa koti kutwa nzima. Iache ilione jua kabla hujaingia majini jioni.

Kubadilisha betri kunaharibu saa kweli?

Kubadilisha hakuharibu. Kufunga vibaya ndiko kunakoharibu, na saa nyingi za mbizi ambazo "ziliingia maji zenyewe" zilianzia hapo.

Simama karibu na fundi uangalie. Mfuniko wa nyuma ukitoka utaona uzi mweusi wa mpira, mwembamba, umelala kwenye mfereji wake kuzunguka ukingo. Huo ndio ulinzi wako wote wa upande wa nyuma. Mara nyingi unatoka umebonyea, bapa badala ya mviringo, na una vumbi. Fundi asiyejali huurudisha vile vile kwa kidole, mkavu, na sehemu moja ikibaki nje ya mfereji mfuniko unaikata anapokaza. Kwa macho saa imefunga. Unyoya mmoja wa kitambaa ukilala juu ya mpira unatosha kuwa njia ya maji.

Kwa hiyo, kabla hajaanza, mwambie: nataka mpira mpya wa kipimo hicho hicho, au huu usafishwe na kupakwa grisi ya silikoni. Mafuta ya kula, losheni na oili ya injini havifai. Kisha muulize kama ana mashine ya kupima presha. Ipo ya hewa kavu isiyotumia maji kabisa: saa huwekwa ndani, hewa husukumwa, na mashine husoma kama bodi imevuja. Asipokuwa nayo, si kosa lake, lakini toka pale ukijua saa yako sasa ni ya nchi kavu na mvua. Kama unaitegemea majini, itume Dar es Salaam au kwa fundi yeyote mwenye kipimo.

Hii ndiyo sababu naisukuma sana sola kwa watu wa visiwani.

Ringi inatumikaje, na kwa nini haizunguki pande zote mbili?

Zungusha pembetatu ya ringi ilingane na ncha ya mshale wa dakika unapoanza. Baadaye soma mshale uko kwenye namba gani ya ringi, hizo ndizo dakika zilizopita. Inazunguka kinyume cha mishale tu ili ikigongwa ikosee upande salama: itakuonyesha umekaa chini muda mrefu kuliko ukweli, utapanda mapema. Ikikosea upande mwingine ungeishiwa hewa ukidhani bado unayo. Ringi inayolegea au kuteleza yenyewe, usiinunue.

Kioo cha safaya kina faida gani huku?

Kubwa, kwa sababu ya mawe yetu. Miamba ya Mwanza ni matale, na ndani yake mna kwatsi yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs. Kioo cha kawaida kilichokomazwa ni laini kuliko hapo, kwa hiyo ukijiegemeza juu ya jabali ukapanda, kinachubuka. Safaya ni 9, haichubuki. Lakini safaya ikigongwa vibaya hupasuka kuliko kioo cha kawaida. Mpanda mawe achukue safaya. Anayebeba injini za boti asihangaike.

Nitatambuaje Seiko feki?

Geuza nyuma. Utakuta namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 7S26-0020. Nne za kwanza ni mashine, nne za mwisho ni bodi, na 7S26-0020 ni SKX007 na ndugu zake wa rangi nyingine. Kama mfuniko unasema hivyo na saa ni ya sura nyingine, imeunganishwa kutoka vipande. Kisha kuna namba ya mfululizo: tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka ilipotengenezwa, ya pili ni mwezi, 1 hadi 9, halafu 0 kwa Oktoba, N kwa Novemba, D kwa Desemba. Muuzaji anayekuuzia SKX "mpya ya mwaka huu" amekujibu mwenyewe, kwani ilisitishwa 2019.

Zaidi ya hapo, kitufe kikazwe kwa ulaini bila kukwaruza, na alama ya juu ya ringi isimame sawasawa na alama ya juu ya uso. Mtumba uliounganishwa si dhambi kama bei na maneno vinasema ukweli. Ila usiutumbukize majini.

Otomatiki yangu imeanza kukimbia, inatangulia dakika kadhaa kwa siku. Imekufa?

Karibu kila mara ni sumaku. Umeilaza juu ya spika, au kwenye kifuniko cha simu chenye sumaku. Springi ndogo ya ndani inagandana na mapigo yanaongezeka. Fundi mwenye kifaa cha kuondoa sumaku anaimaliza kwa sekunde chache, bila kufungua saa. Usikubali "kuoshwa mashine" kabla hajajaribu hilo.

Mkanda gani?

Mpira au nailoni. Ngozi huoza, usiiweke majini. Suuza kwa maji safi kila ukitoka kuvua, kwani utelezi wa samaki ukikauka kwenye ringi huigandisha.

Nikitaka kupiga mbizi kwa mtungi ziwani, saa hii inatosha?

Kama saa, ndiyo. Mbizi za burudani huishia mita 40. Lakini Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na majedwali ya kawaida ya wazamiaji yametungwa kwa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo mwili hutoa gesi tofauti unapopanda, na muda wa Unguja hautumiki hapa kama ulivyo. Tumia jedwali la miinuko au kompyuta ya mbizi inayojirekebisha, pamoja na mkufunzi. Saa na ringi vibaki kuwa akiba. Na ufukweni penye matete na konokono, kumbuka kichocho.

Naona ukungu ndani ya kioo. Nifanye nini?

Kwanza hakikisha uko ndani kweli. Ishike saa kiganjani mpaka ipate joto, weka tone la maji baridi katikati ya kioo, subiri dakika moja, futa. Ukungu ukibaki pale palipokuwa na tone, unyevu umo ndani.

Usiianike juani, na mchele hautoi maji yaliyo nyuma ya mipira. Usivute kitufe ukiwa bado na mikono michepechepe. Ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo, ifunguliwe, ikaushwe, mipira yote ibadilishwe, wa mfuniko na wa kitufe. Otomatiki ikikaa na maji wiki moja, kutu huanza kwenye skrubu na springi, na hapo bei ya matengenezo inakuwa ya mashine nzima. Ikiwa ni NH35, mwambie fundi akupe bei zote mbili, ya kusafisha na ya kuweka mpya, kabla hajagusa chochote.